Rejista mpya ya mgao imsikilize mwenye jina

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, iko wilayani Dowa, si mbali na Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi na kitu; leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa. Shirika la hisani linalotaka kuachana na madaftari na kujenga kanzidata ya kujua nani amepata chakula na nani bado, tunaliunga mkono. Ila walengwa waweze kuona walivyoandikwa na kusahihisha.

Tatizo la kwanza ni majina. Programu nyingi hudhani mtoto hubeba jina la baba yake. Kwa Warundi na Wanyarwanda, ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata kidogo. Mkongo ana majina matatu. Karani mmoja huanza na la ubatizo, mwingine huanza na la nyumbani. Karani anayezungumza Kichewa, ambamo r na l hupokezana, ataandika Lukundo pale mama aliposema Rukundo. Kisha mashine inayosaka wanaochukua mara mbili inawaona watu wawili kuwa mmoja, inamfuta mmoja, na siku ya mgao mama wa watu anarudi na kiroba kitupu. Hakuiba chochote.

Alama za mwili zinasaidia. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilijaribu mfumo wake wa vidole na mboni hapo hapo Dzaleka mwaka 2013. Lakini mboni ya mama haisemi kwamba amejifungua mwezi uliopita. Hilo atalisema mwenyewe, kwa karani anayejua Kiswahili, na asomewe kilichoandikwa kabla hakijahifadhiwa.

Pia kuna usiri. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini, na mwezi Mei polisi waliwakamata watu Lilongwe. Orodha yenye jina, nyumba na duka la mkimbizi wa mjini ni hatari ikivuja. Na huvuja: Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yenye wataalamu na fedha, ilitangaza kuwa wadukuzi wamefikia taarifa za watu zaidi ya 515,000. Shirika dogo liulize idadi ya walaji, umri wa watoto na kama kuna mgonjwa. Kwa nini mtu alikimbia Kivu, hilo halihusiani na unga.

Mfumo mpya ukianza, rejista ya zamani isitupwe hadi migao kadhaa ipite. Asifutwe mtu kabla hajaitwa na kusikilizwa. Na pale pale penye foleni iwekwe meza ya malalamiko, akae mtu mwenye mamlaka ya kurekebisha jina siku hiyo hiyo, si wa kupokea barua na kusema njoo wiki ijayo.