Kipya Kinyemi: Fundi wa Kihoto na Kabureta Kuukuu

Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Methali hii niliikumbuka juzi nilipokuwa Kihoto, mtaa ulio kando ya Ziwa Naivasha katika kaunti ya Nakuru, nilikokwenda kumjulia hali mpwa wangu. Watu wa Kihoto waijua hasara. Ziwa lilipanda likawaingilia majumbani mwaka 2020, likarudi tena mwaka 2025, na wengi wakahama na walichoweza kubeba. Mahali kama hapo mtu hatupi kitu ovyo.

Mpwa wangu ana pikipiki kuukuu, Honda XL 125 ya njia za mawe na matope, aina tuliyozoea kuiona zamani ikipandwa na maafisa wa kilimo. Aliinunua Mombasa. Huku pwani ilikwenda vyema. Kule bara ikawa yatoa moshi mweusi, yala petroli kama iliyotoboka tangi, na ikisimama yadondosha mafuta chini. Fundi mmoja akamwambia kabureta imekufa, anunue nyingine nzima. Kijana akanunua ya bei nafuu, isiyojulikana asili yake. Siku ya tatu hali ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

Ndipo alipoichukua ile ya zamani akampelekea mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati pale Kihoto. Mzee hakutaja bei kwanza. Alifungua plagi akaiona imejaa masizi. Kisha akaifungua kabureta, akaipanga kipande kwa kipande juu ya kitambaa, akatuita tuone. Sindano ipandayo na kushuka mtu anapovuta mafuta ilikuwa imelika ubavu mmoja. Tundu lake, lililopasa kuwa duara, limekuwa kama yai. Sindano ndogo ya boya, ambayo kazi yake ni kuizuia petroli kibakuli kinapojaa, ncha yake ilikuwa na mfereji. Na jeti kubwa ilikuwa imechokolewa kwa waya hata tundu likapanuka.

“Mzee mwenzangu,” akaniambia, “hii haikufa. Imelika kwa kazi, na hapa kwenye jeti imeharibiwa na mkono wa mtu.”

Akatueleza na jambo ambalo sisi wa pwani hatulifikirii. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na msukumo wa hewa huko ni pungufu kwa takriban sehemu moja katika tano. Jeti iliyofaa Mombasa humwaga petroli nyingi kwa hewa ndogo ya huko. Basi akatia sindano mpya na tundu lake, sindano ya boya, raba za kuzibia, na jeti yenye nambari ndogo zaidi. Kiwiliwili cha kabureta na pistoni yake akaviacha, kwani havikuwa na mikwaruzo. Pikipiki ikawaka, ikatulia.

Mafundi wetu wa majahazi hawakuvunja chombo kwa sababu ya ubao mmoja uliooza. Waliutafuta ubao wenyewe, wakautoa, wakatia mwingine wa kipimo chake, wakakalafati. Nathubutu kusema kabureta nayo ni hivyo hivyo.

Najua nitajibiwa kwamba kitu kipya humaliza udhia. Ni kweli pia kuwa si kila kabureta yafaa kutengenezwa. Iliyolala majini ikaliwa na kutu nyeupe ndani ya njia zake, au ambayo nyumba ya pistoni imelika hata pistoni yacheza, hiyo imekwisha, na fundi mwaminifu atasema. Lakini kusema kabla ya kufungua ni kubahatisha kwa mali ya mwenzio.

Hata hivyo lawama si ya mafundi peke yao. Sisi wateja hutoa fedha kwa furaha tukikiona kipuri kipya ndani ya boksi lake, tukiombwa ujira wa saa mbili za kutazama na kupima, twanuna na kuuliza, “Kwani umefanya nini?” Fundi naye akajifunza: ni heri auze kipuri kuliko kuuza maarifa. Na maarifa yasiyolipwa hayapati mrithi. Nilimuuliza yule mzee kama ana wanafunzi. Akasema alikuwa nao wawili. Wote wamemwacha, wanaendesha bodaboda.

Sisi tuliokaa chuoni twalijua onyo walilopewa wapunjao vipimo. Tundu la jeti nalo ni kipimo, na mkono unaolipanua kwa waya unampunja mtu kila kituo cha petroli atakachopita. Kadhalika anayemnyima fundi ujira wa kupima kwake anapunja.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukipeleka chombo chako kwa fundi, mwambie akifungue mbele yako, na kila akibadilishacho akurudishie cha zamani mkononi. Kisha umlipe kwa alichokijua, si kwa alichokifunga tu. Mpwa wangu ameiweka ile sindano iliyolika ndani ya kikebe, na atakayemwambia tena kwamba kabureta imekufa, ataonyeshwa.