Barafu Juu ya Bomba la Gazi



Kijana mmoja wa ateliye ya kukata vyuma ametuuliza: «Pasta, asubuhi shalumo inawaka vizuri. Saa nne chupa ya propani na bomba vinavaa barafu, moto unalegea. Wenzangu wanasema niweke mbabula chini ya chupa. Nifanye?»

Mtoto wangu, hapana! Mbabula ile inaweza kupasua chupa na kuua ateliye nzima.

Sikia namna mambo iko. Ndani ya chupa propani iko sawa vile maji. Ili igeuke kuwa gazi inapaswa kuchemka, na kuchemka kunataka joto. Sufuria ya mama inapata joto kwa makala. Propani inakamata joto la chupa yenyewe, maana inachemka hata kwenye digrii 42 chini ya sifuri. Ukivuta gazi nyingi mbio mbio, chupa inapoa, unyevu wa hewa unaganda juu yake, na nguvu ya gazi inashuka. Barafu si ugonjwa, ni alama.

Basi, funga chupa kwanza, kisha angalia barafu iko wapi.

Iko chini ya chupa? Unavuta kupita nguvu yake. Iache ipumzike, au omba mufundi aunganishe chupa mbili, kila moja itoe nusu. Mu Juni na Julai, wakati wa baridi, shida hii inazidi.

Iko juu ya detanderi? Gazi inapita kwa haraka. Punguza, halafu weka kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu. Kwa detanderi ya oksijeni, mafuta hata kidogo ni hatari ya moto.

Iko mahali pamoja tu, penye kiungo? Pengine gazi inatoka. Pakaa maji ya sabuni. Ukiona povu, usiwashe kitu, fungua milango. Propani ni nzito kuliko hewa, inalala chini na mu mashimo.

Bomba limepata joto na bado limeziba? Kuna maji ao uchafu ndani. Mwite mufundi.

Usipige barafu kwa nyundo, wala usilaze chupa: ile maji ya propani ikitoka inaunguza ngozi.

Na ninyi wakubwa wa kazi, msimkaripie kijana anayesimamisha kazi saa moja. Chupa inapata joto tena. Mtoto wa watu harudi.