Tembo kafungiwa nje ya zuu!

Likizo ya Juni ndiyo hiyo, na nyumba zetu zimegeuka soko la Mwigobero. Tangu asubuhi ni "mama njaa", "mama huyu kanipiga", "mama nipe simu yako". Wengine mmeshasalimu amri, mmewasha televisheni na kwenda zenu kwenye vikoba. Siwalaumu hata kidogo. Lakini leo hebu tukae tuzungumze.

Kuna wimbo mmoja nausikia kila likizo hapa Musoma: "Mama, tupeleke zuu." Wameiona kwenye katuni, basi imekuwa nongwa. Kinara ni huyu mwanangu wa darasa la nne. Sasa bustani ya wanyama ambayo watu wa kanda hii tuliijua ni Saanane, kile kisiwa cha Mwanza. Ilianzishwa mwaka 1964, ya kwanza nchini, na wengi wa rika langu tulipelekwa pale na shule. Mwaka 1991 kisiwa kikawa pori la akiba, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Mahali pazuri, sikatai. Ila piga hesabu: nauli ya basi ya watoto watatu, boti, viingilio, soda na chipsi (maana bila chipsi hawajatoka hao). Kwa mshahara wa mtu wa kawaida, hapo unaona nyota mchana.

Cha kuchekesha ni kwamba sisi ndio majirani wa wanyama kuliko hao wazungu wenye mazuu yao. Serengeti, kilometa za mraba 14,763, mlango wake wa Ndabaka uko pembeni ya barabara hii hii ya kwenda Mwanza. Mara ngapi tumepita pale na basi, pundamilia wanaonekana dirishani, na watoto wetu wamelala midomo wazi?

Basi mimi nikasema zuu inajengwa uani kwangu, na mkurugenzi ni mimi. Vifaa havikugharimu kitu: maboksi ya sabuni, kamba za katani, mkaa, majivu na udongo wa mfinyanzi. Sharti langu lilikuwa moja tu. Kabla mnyama hajaingia zuu, aliyemleta atueleze anakula nini, ana ukubwa gani, na ukikutana naye unafanyaje. Hilo la tatu ndilo muhimu, maana hapa kwetu kukutana naye si hadithi.

Tulianza na mamba. Niliwaambia mamba wetu wa Ziwa Victoria, akiwa mkubwa hasa, anaweza kufika mita 5. Wakaitikia "ndiyo mama" ile ya darasani, ya kutosikia. Nikamlaza mmoja chini, nikamlaza wa pili miguuni pake, wa tatu, na wa nne tukamwazima kwa jirani. Nikazungushia majivu, nikawaambia inukeni. Jamani! Wakasimama kuangalia lile jitu la majivu lililotoka mlangoni hadi kwenye karo. Kelele zote zikakatika.

Yule mtoto wa jirani, ambaye jioni hutumwa ziwani na ndoo, akauliza taratibu, "Na humo majini anaonekana?" Haonekani. Macho na pua tu ndiyo hubaki juu, na mara nyingi hata hivyo hutavijua. Tukachora na ufukwe, tukaweka mamba wa udongo, tukacheza: mchotaji anakwenda pale pale, saa ile ile, kila siku. Mamba anajifunza ratiba yako kuliko wewe unavyojifunza yake. Siku ya pili mama yake yule mtoto alinifuata akaniambia mwanawe amegoma kuingia majini hadi magotini, sasa anataka kata yenye mpini mrefu. Nikamwambia mtafutie, mama, ni haki yake.

Kiboko nilimpitisha haraka. Watoto wanamwona kama nguruwe mnene mpole. Nikawaambia hula majani usiku, hutoka majini na kurudi kwa njia yake, na ukisimama kati yake na maji umejitafutia kasheshe. Nchi kavu anakimbia hadi kilometa 30 kwa saa. Bingwa wa mbio wa shule yenu hamuwezi.

Kimbembe kilikuwa tembo. Likizo hii ninaye binti wa kaka yangu, darasa la tatu, anatoka kijiji kimoja cha Bunda kilichopakana na hifadhi. Mwanangu kamleta tembo wake wa boksi, masikio ya majani ya mgomba, kapendeza kweli. Binti akasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Shangazi, huyo haingii."

"Kwa nini?"

"Kala mahindi ya baba."

Mwanangu akacheka, eti tembo ni mpole, yeye kamwona kwenye katuni anaimba. Weee! Kidogo wapigane. Mmoja tembo anamjua kwa kuimba, mwingine anamjua kwa kukesha shambani akipiga madebe usiku wa manane, kesho yake anasinzia darasani. Na mahindi yale ndiyo yangekuwa sare na madaftari. Hili nalijua, kaka alinipigia simu mwenyewe.

Sikuwaamua. Niliwapa mkaa na ukuta. Tembo mkubwa anaweza kula kilo 150 kwa siku. Debe la mahindi ni kama kilo 20. Madebe mangapi? Saba na nusu. "Kwetu wanakujaga sita," akasema binti. Haya, mara sita: kilo 900. Gunia la kilo 100? Magunia tisa. Ni kweli tembo hali punje tupu, anakula na bua na mengine anayakanyaga, lakini kwa hesabu ya darasa la tatu inatosha. Shamba la kaka mwaka mzuri linatoa magunia kumi na mawili. Mwanangu alizifuta na kuzirudia mara mbili, akanyamaza.

Halafu akauliza swali ambalo hata wazee vijijini wanauliza: kwa nini wasiuawe tu? Nikawaeleza kwamba mwaka 1961, hata uhuru haujafika, Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama hapo, alitoa Tamko la Arusha la kuahidi kuwatunza wanyamapori kwa ajili ya wajukuu. (Msilichanganye na Azimio la Arusha, lile ni la 1967.) Kwa hiyo tembo ni wa taifa zima. "Na mahindi ni ya nani?" akauliza binti. Nikamwambia kuna kifuta jasho cha serikali. Lakini jina lenyewe linajieleza: ni cha kufuta jasho, si cha kujaza ghala. Mimi naona taifa lenye tembo lingepaswa kukesha nao pia, ila huo ni mjadala wa wakubwa.

Tukahamia kwenye ufundi. Tembo anaogopa nyuki, kweli kabisa. Wakulima wengine hutundika mizinga kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Wengine hutumia kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Watoto walichukua makopo ya maziwa, wakayafunga kwenye katani kuzunguka zuu nzima. Uamuzi ukatoka: tembo abaki, lakini upande wa nje wa mizinga. Binti mwenyewe ndiye aliyeandika kibao.

Jumamosi tulikwenda Butiama kumsalimia mama mkwe. Kwenye mawe kulikuwa na pimbi wanaota jua, wanono kama sungura wasio na masikio. Bibi akawaambia watoto waangalie miguu yao. Nami nikaongezea lile ambalo wengi hawaamini: kati ya wanyama walio hai leo, pimbi ni ndugu wa karibu wa tembo. Binti akawatazama muda mrefu.

"Huyu aingie," akasema. "Lakini asimwambie ndugu yake tunapokaa."

Onyo kwenu wazazi: zuu ya uani ni ya udongo na maboksi. Hakuna kukamata nyoka, hakuna kutia kijiti kwenye shimo, hakuna kufuga kitoto cha mnyama kwenye kapu. Wanaotaka mnyama hai wamtazame yule mjusi wa kwenye mawe, kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu. Dume ndiye mwenye rangi hizo. Wakae mbali kidogo na daftari, wahesabu anatikisa kichwa mara ngapi mwenzake anapokaribia. Mnaweza kupata nusu saa nzima ya utulivu.

Wiki ijayo: watoto wanaokataa uji. Naomba mniandikie mapema.