Makazi Bila Malazi

Mtoto wa shule ya msingi katika Tanzania hufundishwa kwamba mahitaji ya lazima ya binadamu ni matatu: chakula, mavazi na malazi. Huyakariri mpaka yakamkaa moyoni, akayaandika katika mtihani, akapata alama. Jioni hurudi nyumbani, na huko aghalabu hulikuta hitaji la tatu limesahauliwa na watu wale wale waliomnunulia daftari. Maana neno malazi si jina la nyumba. Limetoka katika kitenzi lala, kama vile makazi yalivyotoka katika kaa. Mwenye paa juu ya kichwa chake ana makazi. Mwenye mahali pema pa kulaza ubavu ndiye mwenye malazi. Haya ni mambo mawili, wala la pili halizaliwi na la kwanza. Bunju imejaa makazi. Malazi ya watoto humo ni haba.

Msafiri wa barabara ya Bagamoyo apitaye Tegeta na Boko mpaka Bunju huona pande zote mbili nyumba za matofali ya saruji, nyingine zimekwisha, nyingine zikingoja bati, nyingine zikingoja fedha. Nyumba hizi hazijengwi kwa siku moja. Mwaka huu msingi, mwaka wa pili kuta, wa tatu lenta, na wa nne familia yahamia ndani ya pagale ili kuepuka kodi ya mjini. Ni jasho la halali, na mwenye kulidharau hana insafu. Lakini jasho halimzuii mtu kuulizwa alichokijenga. Ramani itandikwapo mbele ya fundi, kitu cha kwanza kupimwa ni sebule, ili makochi na meza vienee. Cha pili ni chumba cha bwana na bibi wa nyumba, kiitwacho masta, chenye choo chake na bafu lake. Cha tatu ni chumba cha wageni. Kibakiacho huitwa chumba cha watoto. Kitanda cha mtoto huingia humo mwisho, baada ya kabati na sanduku, katika pembe ambayo vyombo vingine vimeikataa.

Hiyo ndiyo desturi inayostahili kushtakiwa. Kosa lake si ufukara wala ujinga. Kosa lake ni kupanga nyumba kwa macho ya mpita njia. Sebule huonwa na watu, kwa hiyo hupambwa. Chumba cha watoto hakionwi na mtu ila watoto, na watoto hawana kura katika baraza la ujenzi.

Watetezi wa desturi hii husema kwamba mtoto hulala popote. Humtaja mtoto aliyesinzia katika daladala, mwingine juu ya mkeka wa msiba, wa tatu mezani mbele ya sahani ya ubwabwa. Ni kweli mtoto huanguka popote. Lakini kuanguka si kulala. Punda naye huanguka chini ya mzigo, wala hapana asemaye kwamba amepumzika. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 katika kila siku moja. Sasa na ichukuliwe hesabu ya Bunju. Mtoto asomaye mbali huamshwa saa 10 na nusu alfajiri ili basi la shule lisimwache. Ili apate saa 9 tu, yapasa awe amekwisha lala saa 1 na nusu usiku, wakati taarifa ya habari ya saa 2 bado haijaanza. Mtoto wa namna hiyo hana usingizi wa kuchezea. Kila dakika anayoipoteza kwa joto, kwa mbu au kwa kelele huilipia kesho yake mbele ya ubao, na mwalimu humwita mvivu.

Jambo la kwanza liletalo hasara hiyo ni joto. Mzazi aondokaye alfajiri kwenda mjini na kurudi usiku hajapata kukiona chumba cha mwanawe saa 10 alasiri, jua la magharibi linapoupiga ukuta. Tofali la saruji hulinywa joto hilo mchana kutwa, kisha hulitapika usiku. Kitanda kilichoegemezwa katika ukuta huo ni kitanda kilichotengwa jikoni. Nchi yenyewe imekwisha kuonyesha dawa. Katika miezi ya joto kali, tangu Desemba mpaka Februari, jua la Dar es Salaam hupita upande wa kusini, na ukuta wa kaskazini hubaki kivulini. Miezi hiyo hiyo upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki. Kwa hiyo pembe ya kaskazini mashariki ina kivuli na upepo kwa pamoja, wakati vitu hivyo vinapohitajiwa zaidi. Pembe hiyo, katika nyumba nyingi, amepewa nani? Amepewa mgeni ajaye mara mbili kwa mwaka, au makochi, ambayo hayatoki jasho.

Jambo la pili ni mbu. Chandarua si pambo la kitanda, ni sehemu ya kitanda. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga vyandarua vyenye dawa vilianza kuenezwa miaka ya mwisho ya 1990, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba matumizi yake yaliandamana na ongezeko la asilimia 27 la kuokoka kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Mwaka 2004 serikali ilianza kuwapa wanawake wajawazito Hati Punguzo ili wavinunue kwa bei nafuu. Nchi imetumia fedha na akili nyingi ili chandarua kifike mlangoni. Tokea mlangoni mpaka kitandani kazi ni ya mzazi, na hapo ndipo inapoharibika. Kitanda kimesukumwa hadi kikabana na ukuta pande mbili, hapana nafasi ya mkono kuchomeka chandarua chini ya godoro. Mtoto hugeuka usiku, mguu wake ukabana wavu ukutani, na mbu hufanya karamu yake kupitia matundu. Asubuhi mama hulaumu chandarua. Nafasi ya shubiri moja kati ya ubao wa kitanda na ukuta ingalitosha, na shubiri moja haiuzwi dukani.

Asiyeamini kwamba mahali pa kulala ni shauri la afya na atazame Mtwara. Huko, katika miaka ya 2020, zilijengwa kwa ajili ya utafiti nyumba 110 za ghorofa moja juu, vyumba vya kulala vikawekwa juu, penye hewa na mbali na ardhi, madirisha yakafungwa wavu. Watoto waliolala humo waliugua malaria kidogo kuliko wenzao wa nyumba za kawaida. Si kila mtu wa Bunju awezaye kujenga ghorofa. Lakini kila mtu aweza kujifunza kwamba wajenzi wale walianza na swali la wapi mtoto atalala, ndipo nyumba ikafuata.

Wapo wasemao kwamba shauri hili lina jibu jepesi: kitanda na kiwekwe chini ya dirisha, mtoto apate upepo. Hawa wana nusu ya haki, na nusu ya haki ni hatari kwa sababu hufanana na haki nzima. Dirisha la vioo la kutelezesha halifunguki ila nusu yake. Kitanda kilichokaa chini ya ile nusu isiyofunguka hakipati upepo hata kidogo. Kikikaa chini ya ile ifungukayo, hupata pamoja na upepo huo mvua ya masika, vumbi la njia isiyo na lami, na mkono wa mwizi apitishaye kijiti chenye ndoano kati ya nondo. Kadhalika mtoto mdogo hukifanya kitanda ngazi. Upepo haukai dirishani. Huingia kwa dirisha na kutokea mlangoni, na njia yake kati ya viwili hivyo ndiyo mahali pa kitanda. Kulijua hilo hakuhitaji shahada. Kunahitaji mtu asimame chumbani usiku mmoja, ainue mkono, asikilize ngozi yake.

Wengine wamekimbilia kitanda cha deka, kimoja juu ya kingine, wakidhani wameipata nafasi. Nafasi wameipata, ila wameipata juu, na juu ndiko joto lilikokimbilia. Chini ya dari iliyochemshwa na bati, mtoto wa kitanda cha juu hulala katika hewa nzito kuliko ndugu yake. Tena nyumba nyingine zina pangaboi katikati ya dari, na deka imewekwa karibu nalo, hata mtoto akikaa kitako mapanga huzunguka mbele ya uso wake. Katika Marekani kanuni ya vitanda hivi hutaka kila kimoja kibandikwe onyo kwamba mtoto wa chini ya miaka 6 asilale juu. Huku juu hupewa mdogo, kwa sababu ni mwepesi.

Na ukuta wa sebule nao una neno lake. Televisheni imetundikwa upande huu; upande wa pili wa tofali lile lile kimeegemea kichwa cha mtoto. Baba hucheka na wageni mpaka saa 5 usiku, kisha hushangaa kwa nini mwana haamki.

Wazee wa pwani hawakuwa na wahandisi, lakini hawakulidharau jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu, ambazo upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, vitanda viliwekwa kwenye ncha za vyumba virefu na kusitiriwa kwa mapazia. Mahali pa kulala palijulikana kabla ya mtu kuhamia. Katika nyumba za udongo kitanda cha kamba kilikuwa chepesi. Mtu mmoja alikichukua kwa mikono yake, akakitoa ukumbini, akakitoa uani, akaufuata upepo kama mvuvi aufuatavyo. Kitanda cha leo ni cha mninga, kizito kama deni, kikishawekwa hakiondoki. Ndiyo maana uamuzi wa mara ya kwanza umekuwa na uzito ambao haukuwa nao zamani.

Hata dini na adabu zina sehemu yake. Kutoka Dar es Salaam kibla kiko karibu kaskazini halisi. Familia ya Kiislamu impendeleayo mtoto kulala ubavu wa kulia akielekea kibla itampa kichwa mashariki na miguu magharibi. Na tazama, kichwa kimekuwa mbali na ukuta wa jua la jioni. Uislamu umefundisha pia kwamba watoto wafikapo miaka 10 watengwe malaloni. Agizo hilo haliwezi kutimizwa katika chumba kilichobaki tu, ambamo vitanda viwili vya futi tatu na nusu kwa sita vimeingizwa katika futi 10 kwa 10 pamoja na kabati na mlango unaofungukia ndani.

Hoja ya mwisho ya watetezi ni umaskini, nayo yastahili heshima. Wengi katika Bunju hawana chumba cha watoto. Wana chumba kimoja cha kupanga na godoro moja la kutandika chini. Jirani yao, Mabwepande, ilipokea mwaka 2012 watu walioondolewa mabondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011, nao walianza katika mahema. Je, watu kama hao waambiwe habari za kaskazini mashariki? Naam, wao kwanza. Tajiri aliyekosea mahali pa kitanda aweza kununua feni, kisha kiyoyozi. Maskini hana kinga nyingine ila mahali. Kulisogeza godoro mbali na ukuta wenye moto, kuliweka penye njia ya upepo, kukifunga chandarua kikaning'inia bila kugusa mwili, ni mambo yasiyo na bei. Kumwambia maskini kwamba mpangilio ni anasa ya matajiri ni kumnyang'anya mali pekee isiyohitaji fedha.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwika mzazi wajibu wa chakula, mavazi, matibabu, elimu na hifadhi ya nyumba. Lakini sheria haiwezi kuingia chumbani na kusogeza kitanda. Kazi hiyo ni ya mwenye nyumba, na wakati wake mwema ni kabla ya tofali la kwanza, fundi anapouliza vyumba vingapi. Jibu la haki ni kumwambia kwanza watoto watalala wapi, vichwa vyao vitaelekea upande gani, upepo utaingia na kutoka kwa wapi. Sebule itapata kibakiacho.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzazi wa Bunju amechagua mahali pa kitanda ambacho hajapata kukilalia hata usiku mmoja. Na akilalie. Usiku mmoja wa Januari, katika pembe ile ile, kando ya ukuta ule ule, chini ya dari ile ile, huku mtoto akilala masta. Kabla ya alfajiri atakuwa ameamka, amewasha taa, ameshika ubao wa kitanda, anakivuta.