Sifuri si Pengo

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Siku hizi daftari limehamia katika kompyuta, lakini mali ingali inapotea, na mara nyingi hupotelea katika nafasi iliyoachwa tupu.

Chukua mfano wa ploti ya nyumba 20 hapa Tena, ambako kila nyumba ina mita yake ya maji. Tuseme mwisho wa mwezi keateka amesoma mita 17, na nyumba 3 amezikuta zimefungwa. Jumla ya zilizosomwa ni yuniti 136, ilhali mita kuu yaonyesha 160. Je, yuniti 24 zimekwenda wapi? Mwenye ripoti aliyezijazia nyumba zile 3 sifuri atasema mabomba yanavuja, au kuna mwizi wa maji, kisha atawagawia wapangaji hasara hiyo. Kumbe wastani wa nyumba zilizosomwa ni yuniti 8, na nane mara tatu ni 24! Isitoshe, mita haisahau. Mwezi ujao nyumba hizo zitasomwa matumizi ya miezi miwili, na maji yale yale yatalipiwa mara ya pili.

Kompyuta haina lawama hapa. Katika SQL, lugha inayotumiwa na hifadhidata nyingi, sifuri na nafasi tupu ni vitu viwili. Amri ya kujumlisha safu huziruka nafasi tupu kimyakimya, na ile ya wastani hugawanya kwa idadi ya zilizojazwa pekee. Ziache tupu, wastani ni 8. Zijaze sifuri, wastani washuka hadi 6.8.

Sisi wanaisimu twajua kwamba neno sifuri lilitokana na neno la Kiarabu lenye maana ya utupu. Hata hivyo, sarufi ya Kiswahili haichanganyi mambo hayo. "Mita haikusonga" ni habari iliyokamilika. Hiyo ndiyo sifuri. "Mita haijasomwa" ni habari inayongojwa. Hilo ndilo pengo. Kiambishi -ja- huzuia hukumu ya haraka.

Wala jambo hili si la maji tu. Mnamo 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais wa 8 Agosti. Miongoni mwa kasoro ilizotaja ni kwamba matokeo yalitangazwa kabla fomu zote za 34A kutoka vituoni hazijapokelewa. Hazijapokelewa: ni -ja- ile ile.

Yapo madai kwamba mwenye ploti hawezi kungoja kila mlango ufunguliwe. Basi na akadirie, lakini aandike wazi kuwa ni makadirio, na mwezi unaofuata ayasahihishe. Aidha, kila jumla na iandamane na idadi ya nyumba zilizosomwa. Mpangaji anayeletewa bili ya "maji yaliyopotea" ana haki ya kuuliza kwanza: ni mita ngapi hazijasomwa?