Tusiite Kila Kisu Silaha

Jioni moja, katika kituo cha bodaboda hapa Kimumu, kando ya barabara iendayo Iten, niliona jambo ambalo ndilo lililonishikisha kalamu leo. Mama mmoja kijana alikuwa amepanda pikipiki huku amembeba mwanawe mgongoni kwa leso. Pikipiki haikuwa imekwenda hata hatua ishirini, pindo la leso likaingia katika mnyororo wa gurudumu la nyuma. Dereva alifunga breki papo hapo, lakini nguo ilikuwa imekwisha kujisokota, na kila ilipovutwa ilizidi kumbana mtoto na kumwinamisha mama kuelekea gurudumuni. Tuliokuwapo tulimiminika. Wako waliovuta, wako waliojaribu kulirudisha gurudumu nyuma, na yuko aliyeanza kuitafuna leso kwa meno. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu, nilipapasa mifuko yangu nikatoa kalamu mbili na ufunguo wa ofisi.

Aliyetuokoa ni mzee muuza maziwa, aliyekuwa akikokota baiskeli yake yenye mitungi. Hakusema neno. Alichomoa kiunoni, chini ya koti, kisu kidogo ambacho chuma chake hakikuzidi urefu wa kidole changu cha kati, akakipenyeza chini ya nguo iliyokaza, makali yakitazama nje, mbali na mtoto, na kidole chake cha shahada kikiwa juu ya mgongo wa kisu. Leso ilikatika kwa mkato mmoja. Mtoto alilia, nasi tukashusha pumzi.

Hapo ndipo kijana mmoja katika kundi lile aliposema, tena kwa sauti ya kushtaki, "Mzee, kumbe unatembea na silaha?"

Mzee alikipangusa kisu kwa pindo la koti, akakirudisha katika ala yake. "Silaha gani, kijana wangu? Hiki ni kisu tu." Akaendelea na safari yake.

Msomaji mpendwa, kazi yangu ni maneno, na swali la kijana yule limenikaa kichwani kuliko hata kile kisa chenyewe. Mtu ametoka kushuhudia kisu kikiokoa uhai, na bado neno la kwanza lililomjia mdomoni ni silaha. Sidhani kwamba alikusudia ubaya. Alisema lugha aliyofundishwa. Nimesahihisha insha nyingi za wanafunzi, na nimekaa nyuma ya madarasa mengi nikiwakagua walimu walio mafunzoni. Katika insha zetu kisu hakimenyi chungwa wala hakikati kamba. Kisu hung'aa gizani mkononi mwa jambazi, basi. Magazeti nayo, likiwamo pengine hili unalolisoma, hayakitaji kisu ila pale kilipomchoma mtu.

Wazee wetu hawakuzichanganya dhana hizi mbili. Neno silaha tumelipata kutoka Kiarabu, nalo tangu huko lilikuwa neno la vita. Kisu ni jambo jingine. Tazama jinsi lugha zetu zilivyolipanga suala hili kwa ngeli tu, bila kuhitaji sheria. Mkikuyu husema kahiũ kwa kisu, na kwa mzizi huohuo akabadilisha kiambishi akasema rũhiũ, yaani upanga. Mkamba naye ana kavyũ na ũvyũ. Kiswahili kina kisu, na kikitisha kwa ukubwa huwa jisu. Kiambishi kidogo mwanzoni mwa neno kinakuambia kama unasemea chombo cha kumenyea au chombo cha kuogopwa. Majirani zangu Wakalenjin wana rotwet, nao Wajaluo wana pala, na sijasikia mzee wa upande wowote aliyelitamka neno hilo kwa kunong'ona kana kwamba anataja bunduki. Methali yetu yasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Anayesifiwa humo ni mtu aliyefika karamuni akiwa amejiandaa, wala hakuna damu ya binadamu katika usemi huo.

Nisemapo kisu kidogo, sina maana ya panga, wala sime, wala jambia. Jambia lina heshima yake: Waomani wameliweka katika bendera yao tangu 1970, na mwaka 2022 ufundi wa kulitengeneza na desturi ya kulivaa viliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi zisizoshikika. Lakini lile ni pambo la cheo lililozaliwa kuwa silaha. Ninachokitetea mimi ni kile kisu cha mzee wa maziwa: chuma cha sentimita saba au nane, msuka wake umezama ndani ya mpini wa mti mgumu, na ala ya ngozi. Hakikunjwi.

Wako watakaoniuliza kwa nini nisipendekeze kile cha kukunja, ambacho hukaa mfukoni bila kumkera mtu. Nimekuwa nacho kwa miaka mingi, na ninakijua. Kisu cha kukunja kina bawaba, na bawaba ni mahali dhaifu. Ukikikaza dhidi ya kitu kigumu, huweza kujifunga juu ya vidole vyako mwenyewe. Uchafu, maziwa na utomvu huingia katika mpasuo wa mpini ukashindwa kuvitoa. Zaidi ya hayo, vingi huhitaji mikono miwili kuvifungua, ilhali saa ya kuhitaji kisu ni saa ile ambayo mkono mmoja tayari umeshika ndama, au kamba, au mtoto. Kisicho cha kukunja huoshwa kwa maji ya moto kikaisha, hunolewa juu ya jiwe lolote laini, na kikitengenezwa na fundi wa jua kali kwa kipande cha msumeno wa chuma, huweza kuishi kuliko mwenyewe.

Hapa Kimumu si kijiji tena, lakini pia si mji kamili, ingawa Eldoret ilipandishwa hadhi ikawa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Nyuma ya nyumba za kupangisha kuna ng'ombe waliofungwa kwa kamba, na ng'ombe aliyefungwa kwa kamba siku moja ataizungusha miguuni au shingoni. Ukikimbilia nyumbani kutafuta kisu cha jikoni, utarudi umkute amekwisha kujinyonga. Kuna magunia ya kufunguliwa, mipira ya tyubu ya kukatwa, majani ya nepia, mabua ya mahindi, na ngozi ya mti wa kufungia uzio. Kuna mama ambaye anataka kuchonga kijiti cha senetwet kabla ya kukichoma kwa ajili ya kibuyu cha mursik. Hakuna hata moja katika kazi hizi inayodai panga. Panga ni kubwa mno na, kwa hakika, ni hatari zaidi.

Kazi ninayoipenda kuitazama kuliko zote ni ile ya kuunganisha miche, nami nilijifunza kuitazama kutoka kwa kijana mmoja, mwanafunzi wa kilimo, aliyepanga chumba jirani na kwangu. Wakulima wa matunda ya pasheni hupachika kikonyo cha aina ya zambarau juu ya shina la aina ya njano, kwa kuwa mizizi ya ile ya njano huhimili vizuri zaidi ugonjwa wa kunyauka unaotoka udongoni. Huchongwa kabari upande mmoja na mpasuo upande wa pili, na tabaka jembamba lililo chini ya gome la kila upande halina budi kugusana na mwenzake. Kisu kikiwa butu, huponda badala ya kukata, na mche huoza. Kijana yule alikuwa na kisu chake cha kazi hiyo tu, amekinoa hadi kinaweza kunyoa malaika ya mkono, na hakukubali mtu akitumie hata kukatia mkate.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana ningekuwa mtu wa ajabu kuandika haya katika mji huu na kujifanya sikumbuki. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kujisalimisha. Nchi nzima ilipoteza watu zaidi ya 1,100 katika majuma yale. Waliokuwa hapa hukumbuka vizuizi vya barabarani na vijana wenye mapanga, mishale na rungu. Hukumbuka kuulizwa jina, na kupimwa kwa matamshi yao. Mimi mwanaisimu sijapata kuchukia fonolojia kama nilivyoichukia siku zile. Mtu aliyepita vizuizi vile akiona chuma kiunoni mwa mwenzake hana haja ya kamusi; tumbo lake limekwisha kufasiri. Siwezi kumwambia kwamba hofu yake ni ujinga.

Wala si hayo tu. Tarehe 13 Oktoba 2021, mwanariadha Agnes Tirop alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka hapa, akiwa na majeraha ya kisu. Kila ninapoitetea hoja hii mbele ya wanafunzi wangu wa kike, jina lake hutajwa, na ni haki litajwe. Hujibu kwa kutaja jina jingine. Mnamo Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, Mganda aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris mwezi uliotangulia, alifariki katika hospitali ya rufaa hapa Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto huko Endebess. Hakuna aliyesema petroli iitwe silaha. Tulisema, na ndivyo ilivyo, kwamba tatizo ni wanaume wanaowaua wanawake. Ya nini basi tuwe na uwazi huo wa fikira mbele ya petroli na tuupoteze mbele ya kisu?

Sheria yenyewe, ukiisoma kwa utulivu, ina uwazi huo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 308, humtia hatiani mtu anayepatikana na kitu hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikuwa na nia ya kutenda kosa kubwa la jinai, na adhabu yake si ndogo: kifungo kisichopungua miaka saba, hadi kumi na mitano. Kiini cha maneno hayo ni nia na mazingira. Muuza maziwa akiwa na kisu saa kumi na mbili asubuhi kando ya mitungi yake ana maelezo yanayosimama yenyewe. Mtu mwenye kisu hichohicho katika mkutano wa kisiasa, au katika kilabu cha pombe usiku wa manane, hana. Nami simtetei hata kidogo, akamatwe. Huko Uingereza, sheria ya 1988 huruhusu hadharani kisu cha kukunja kisichozidi inchi tatu bila kuulizwa, lakini kisichokunjwa hudaiwa sababu njema, kama vile kazi au dini. Nisingependa tuige kipimo hicho cha inchi, kwa maana huko hakuna ng'ombe kila uani, ila hili la kumuuliza mtu sababu kabla ya kumhukumu ningependa tuliige hata kesho.

Kwa walimu nina neno la ziada. Mimi ni mtoto wa 8-4-4. Katika somo la sanaa na ufundi tulichonga miko, na mwalimu alianza kwa kutufundisha kumpa mwenzako kisu mpini ukimwelekea yeye, kukata kuelekea nje ya mwili, na kutotembea na kisu kilicho wazi. Tuliokatwa vidole tulifungwa kitambaa tukarudi kazini. Mtaala wa sasa unajivunia umilisi, na wanafunzi wanasoma kilimo na stadi za kiufundi. Lakini nimeona shule ambapo mwalimu ndiye anayekata kila kitu mbele ya darasa huku watoto wakitazama, kwa hofu ya kulaumiwa. Mtoto wa namna hiyo atakutana na kisu kwa mara ya kwanza akiwa na hasira na bila mwalimu.

Yule kijana wa kuunganisha miche alinyang'anywa kisu chake kwenye lango la taasisi moja ambayo sitaitaja, asubuhi ya mtihani wa vitendo. Alimweleza bawabu kazi ya kisu. Akamwonyesha hata ratiba ya mtihani. Bawabu, mtu mpole kwa maelezo ya kijana mwenyewe, alisema kwamba daftari lake lina safu moja tu, akaandika: "Silaha, moja." Ombi langu kwa wanaotawala malango ni hilo tu, waongeze safu ya pili, iandikwe jina la mwenye kisu, kazi yake na saa ya kukirudisha.

Siku hiyo kijana alikwenda katika kibanda kilicho mkabala na lango, akanunua wembe kwa shilingi chache, akapita nao mfukoni na hakuna aliyemuuliza. Alifanya mtihani wake kwa nusu ya wembe ule, isiyo na mpini wala ala, na jioni alinibishia mlango akiwa na kidole gumba kilichofungwa kitambaa, akiomba dawa ya kidonda.