Mzazi Anaposahau, Yuko Hatua Gani?

Kuna neno moja linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi zinazomtunza mzee aliyeanza kusahau. Neno lenyewe ni "makusudi." Mama akiuliza swali lile lile mara tano, watoto husema anafanya makusudi. Baba akikataa kuoga, eti ni makusudi. Hasira huzidi huruma, na ndugu wakaanza kulaumiana.

La hasha! Maradhi haya, ambayo madaktari huyaita dimenshia, huharibu ubongo hatua kwa hatua. Mwaka wa 1982, Daktari Barry Reisberg wa New York na wenzake walitoa kipimo chenye hatua saba, ambacho hutumika hadi leo, hasa kwa ugonjwa wa Alzheimer. Ukijua mzee wako yuko hatua gani, utajua la kumtaka na la kumsamehe.

Hatua ya kwanza, mtu hana dosari. Ya pili ni kusahau kwa kawaida kwa uzeeni, kama vile mahali alipoweka miwani. Ya tatu, jamaa na wenzake kazini huanza kutambua. Hupotea njia akienda mahali asipopazoea.

Ya nne, hesabu za pesa humshinda. Familia na iketi, naye mwenyewe akiwepo, iamue ni nani atakayelipa bili na kuangalia M-Pesa yake. Msingojee, kwa maana wakati huu bado anaweza kusema alitakalo.

Ya tano, hukumbuki kwake anwani wala nambari ya simu ya miaka mingi, na kuchagua nguo ni taabu. Usimfungulie kabati zima. Mwonyeshe nguo mbili, achague moja.

Ya sita, pengine husahau hata jina la mumewe au mkewe. Huhitaji kuvishwa, kuogeshwa na kusaidiwa msalani. Usiku hukosa usingizi akatangatanga. Hapa usibishane naye. Akimwulizia mama yake aliyefariki zamani, usimpe msiba upya. Mwulize mama huyo alikuwa akiwapikia nini. Funga lango, umtilie mfukoni karatasi yenye nambari yako ya simu. Kumbuka kuwa katika sehemu kama Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mkongwe anayezurura usiku akisema peke yake yumo hatarini.

Ya saba, maneno humwishia na miguu hukataa kumbeba. Mketishe wima unapomlisha, na umgeuze kitandani mara kwa mara asitoke vidonda.

Hata hivyo, hatua hizi huja polepole, kwa miaka. Akibadilika ghafla kwa siku mbili tatu, usiseme ameingia hatua nyingine. Huenda ana maambukizi ya mkojo, amepungukiwa na maji mwilini, au dawa fulani zinamchanganya. Mpeleke hospitalini upesi, kwani hayo hutibika.

Mwisho, kazi hii isiachiwe binti mmoja kwa sababu tu hajaolewa. Wapangieni ndugu wote zamu, walio mbali wachange, na anayelala na mgonjwa apate siku ya kupumzika. Mtunzaji aliyechoka ndiye wa kwanza kusema "makusudi."